Wivu Uitwapo Pendo: Lugha, Dhuluma na Kinga katika Mapenzi ya Vijana

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya dhuluma katika mapenzi ya vijana huanza kutanda mapema kuliko wazazi na walimu wengi wanavyodhani. Kabla ya kofi la kwanza huwa pametangulia maneno: 'Uko wapi?', 'Uko na nani?', 'Nipe nywila ya simu yako kama huna la kuficha', 'Ukiniacha nitajiua'. Maneno haya husemwa kwa sauti ya upole au huandikwa kwenye simu yakiwa yamepambwa kwa picha za mioyo, na kwa sababu hiyo anayeambiwa huyapokea kama tunu. Siku mkono unapofuata maneno, mhusika huwa amekwisha kuzoea kutawaliwa.

Tatizo lenyewe si dogo. Mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba takriban asilimia 24 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mpenzi au mume wamepata kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi huyo. Idadi hiyo inakaribia wasichana milioni 19 ulimwenguni. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza umri wa miaka 15. Baadhi yao hawakuanza kupigwa wakiwa wake wa watu. Walianza wakiwa wanafunzi na wapenzi.

Makala haya yanadhamiria kueleza dhana ya dhuluma katika mahusiano ya kimapenzi ya vijana, namna lugha ya kila siku inavyoisitiri dhuluma hiyo, sababu za kimya cha wanaodhulumiwa, msimamo wa sheria za Kenya na njia za kinga. Hoja kuu ni kwamba kinga huanzia kwenye neno. Kijana asiyekuwa na jina la jambo analotendewa hawezi kulikataa wala kulisimulia.

Dhana ya dhuluma

Neno 'dhuluma' lenyewe lina mafunzo. Katika matumizi yake ya kawaida, kumdhulumu mtu ni kumnyang'anya haki yake. Yatima hudhulumiwa urithi, kibarua hudhulumiwa ujira, jirani hudhulumiwa mpaka wa shamba. Si lazima damu imwagike ndipo dhuluma itimie. Vivyo hivyo katika mapenzi: dhuluma ni mwenendo wowote ambao kwao mpenzi mmoja humpokonya mwenzake haki ya kuutawala mwili wake, wakati wake, marafiki zake, mali yake na fikira zake.

Kwa mtazamo huo, dhuluma hii ina sura kadhaa. Ipo dhuluma ya kimwili, kama vile kupiga, kukaba, kusukuma na kumfungia mtu chumbani. Ipo dhuluma ya kingono, ambayo hujumuisha kulazimishwa, kushikwashikwa bila ridhaa na kushurutishwa kushiriki ngono bila kinga. Ipo pia dhuluma ya kisaikolojia: matusi, vitisho, kudunishwa mbele ya wenzi na kutengwa na marafiki kidogo kidogo.

Sura mbili za mwisho zinahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi kwa kuwa ndizo zinazokua kwa kasi. Ya kwanza ni dhuluma ya kiuchumi. Hebu afikiriwe msichana wa kidato cha pili anayetembea masafa marefu kwenda shuleni. Mwendesha bodaboda humbeba bila malipo kwa muhula mzima, humnunulia sodo na vibanzi, kisha siku moja humdai 'shukrani'. Msichana huyo hana pesa za kulipa safari zote hizo, na mdai analijua hilo. Ya pili ni dhuluma ya kidijitali. Mpenzi hudai nywila, hufuatilia mahali mwenzake alipo kupitia simu, na huomba picha za faragha ambazo baadaye huzigeuza kuwa silaha: 'Ukiniacha, shule nzima itaziona.' Simu nyingi hazitumiwi shuleni wakati wa muhula, hivyo vitisho hivi hushamiri likizoni, kijana akiwa mbali na mwalimu mshauri na karibu na mzazi asiyejua kinachoendelea katika kiganja cha mwanawe.

Ni vyema kubainisha kuwa wavulana pia hudhulumiwa. Wapo wanaopigwa, wanaotukanwa na wanaotishiwa. Hata hivyo, wanaoumizwa vibaya na wanaouawa na wapenzi wao kwa wingi ni wasichana na wanawake. Mvulana anayedhulumiwa hukabiliwa na kikwazo cha ziada, kwani jamii imekwisha kumwambia kuwa mwanamume halii na kwamba anayelalamika 'amekaliwa'.

Lugha inavyositiri dhuluma

Mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ya pekee katika mjadala huu kwa sababu sehemu kubwa ya dhuluma hujificha katika lugha anayoisoma. Mifano minne inatosha.

Mfano wa kwanza ni msamiati wa wivu. Inasemwa mitaani na mabwenini kwamba asiyeona wivu hapendi. Kutokana na kauli hiyo, msichana anayekatazwa kuzungumza na wanafunzi wenzake wa kiume huhesabu katazo hilo kama kipimo cha thamani yake. Wivu ni hisia ya kibinadamu na hakuna asiyeujua. Tofauti ipo kati ya anayesema 'naona wivu' na anayesema 'naona wivu, kwa hivyo hutatoka'. Wa kwanza anaeleza hali ya moyo wake. Wa pili anatunga sheria kwa mtu mwingine.

Mfano wa pili ni istiari ya deni. Vijana wa Kenya wanaufahamu msemo wa 'kula nauli', yaani msichana kupokea pesa za usafiri kisha asifike. Msemo huu huchekesha, na ndani ya kicheko hicho umejificha mkataba: aliyetuma pesa amenunua kitu, na asiyefika ameiba. Uzito wa istiari hii ulidhihirika mwezi wa Aprili 2019, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi alipouawa kwa shoka mjini Eldoret na mwanamume aliyemfahamu. Kabla hata ya mazishi, watu kadhaa mitandaoni walikuwa wakidai kwamba marehemu alikuwa 'amekula' pesa za muuaji. Mahakama Kuu baadaye ilimpata mshtakiwa na hatia ya mauaji. Hata hivyo, mahakama ya mitandaoni ilikuwa imekwisha kumhukumu aliyekufa. Ilibidi neno moja tu, 'amekula', ili mauaji yaanze kufanana na ulipaji wa deni.

Mfano wa tatu unahusu sarufi. Viambishi vya Kiswahili vina uwezo mkubwa wa kusambaza lawama. Zilinganishwe sentensi hizi:

(a) Mvulana alimpiga mpenzi wake.
(b) Msichana alipigwa.
(c) Wapenzi walipigana.
(d) Hasira zilimpanda mvulana.

Katika (a) mtenda yupo na tendo lake linaonekana. Katika (b), kauli ya kutendwa imemwondoa mtenda. Limebaki jeraha lisilo na aliyelisababisha. Katika (c), kauli ya kutendana imegawa kosa nusu kwa nusu, hata kama mmoja ndiye aliyelazwa hospitalini. Katika (d) limetokea jambo la ajabu zaidi: hasira ndizo zilizotenda, naye mvulana amekuwa mtendwa anayestahili kuhurumiwa. Lakini mvulana huyohuyo, akikaripiwa na mwalimu mkuu au kusukumwa na askari, hasira hazimpandi kiasi cha kuinua mkono. Hasira zinazojua pa kupanda na pa kutulia ni hasira zinazoongozwa na mwenyewe. Vyombo vya habari navyo huchangia vinapoyaita mauaji ya msichana 'mzozo wa kimapenzi'. Mzozo huhitaji watu wawili wanaozozana, ilhali mara nyingi mmoja alikuwa akijaribu kuondoka.

Mfano wa nne ni neno 'unajisi', linalotumiwa nchini Kenya kutaja kosa la kushiriki ngono na mtoto. Mzizi wake ni 'najisi', yaani kitu kichafu kisichofaa hata kuguswa na mwenye udhu. Mtoto anayesikia kwamba 'amenajisiwa' huelezwa, bila mtu kukusudia, kwamba uchafu umebaki mwilini mwake, ilhali aliyetenda anaondoka akiwa na jina la mshtakiwa tu. Watafsiri na wanahabari wa kesho wana wajibu wa kujiuliza ikiwa 'ukatili wa kingono dhidi ya mtoto' haungekuwa msemo wa haki zaidi.

Kwa nini wanaodhulumiwa hunyamaza

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni: kwa nini hakuondoka? Swali hili humwelekea anayedhulumiwa badala ya anayedhulumu, lakini linastahili jibu.

Sababu ya kwanza hupatikana nyumbani. Watoto wengi hulelewa wakiambiwa kwamba kiboko ni alama ya upendo: 'Ninakuchapa kwa sababu ninakupenda.' Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, ila fikira iliyoizaa haikufutwa kwa tangazo la serikali. Mtoto aliyefunzwa kwa miaka 15 kwamba ampendaye ndiye ampigaye hatashangaa mpenzi wake wa kwanza atakapofanya hivyo. Ataomba msamaha.

Sababu ya pili ni hofu ya adhabu maradufu. Fasihi ya Kiswahili ililiona jambo hili zamani. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Zakaria anampiga vibaya binti yake kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Kipigo hicho hakimfunzi Rosa lolote kuhusu wanaume. Kinamfunza kuwa mambo ya mapenzi hayasemwi nyumbani. Anapoondoka kwenda shule ya bweni, anaukabili ulimwengu wa wanaume akiwa hana mshauri wala maneno, na mwisho wake unafahamika na kila aliyeisoma riwaya hiyo. Said Ahmed Mohamed naye, katika Utengano (1980), anamchora Maimuna, binti aliyefungiwa ndani na baba mkali, ambaye anapotoroka hana silaha yoyote ya kujikinga. Waandishi hawa wawili wanakubaliana kwamba ukali unaofunga mlango wa mazungumzo humwacha mtoto mikononi mwa yeyote atakayeufungua. Zaidi ya nusu karne baada ya Rosa, wasichana wangali wanaficha majeraha ya wapenzi kwa kuogopa majeraha ya wazazi.

Sababu ya tatu ni aibu, na ya nne ni hofu kwamba sheria itawageukia wenyewe. Sheria ya Kenya inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto asiyeweza kuridhia ngono, wala haina kifungu cha kuwaondolea lawama vijana wawili wanaokaribiana kwa umri. Msichana wa miaka 17 aliyepigwa na mvulana wa darasa lake anajua kwamba akifungua kinywa ataulizwa kwanza alikuwa akifanya nini na mvulana huyo. Basi hufunga kinywa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Sheria inasemaje

Hata hivyo, sheria si adui. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006, iliyowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge mteule, inaeleza kwamba mtu ameridhia ikiwa amekubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Ufafanuzi huu unaubatilisha usemi wa mitaani kwamba kimya ni ishara ya kukubali. Aliyenyamaza kwa hofu hana uhuru. Aliyelewa chakari hana uwezo. Wala aliyekubali jana hajaikubalia kesho.

Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka wa 2015 inawalinda wengi kuliko jina lake linavyodokeza. Haiwahusu wanandoa peke yao. Inawataja pia waliochumbiana na watu walio na uhusiano wa karibu wa kibinafsi. Aidha, inatambua vitisho, kuandamwaandamwa, dhuluma ya kisaikolojia na dhuluma ya kiuchumi, na inamwezesha anayedhulumiwa kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inalifanya kuwa kosa tendo la kusambaza picha za faragha za mtu mwingine. Kijana anayetishiwa kwa picha anapaswa kujua kwamba mwenye kuvunja sheria ni mwenye kutishia.

Njia za kinga

Kinga ya kwanza ni mazungumzo. Katika jamii za Waswahili wa pwani, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke mzima asiyekuwa mama yake, aliyemfunza mambo ya mwili na ya ndoa. Mvulana naye alikuwa na walimu wake wa jandoni. Mafunzo hayo hayakukosa dosari, kwa kuwa mara nyingi msichana alihimizwa kuvumilia na kutii. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na hekima: kila kijana alikuwa na mtu mzima mmoja aliyeweza kumuuliza lolote bila kuchapwa. Hilo ndilo pengo lililopo leo. Shangazi, mjomba, mwalimu mshauri au jirani mwaminifu anaweza kuliziba, mradi asianze na hukumu.

Kinga ya pili ni mafunzo kwa wavulana na wasichana kwa pamoja. Wasichana wamehubiriwa vya kutosha kuhusu kujihadhari. Mvulana huhitaji kufunzwa kukataliwa: kwamba neno 'hapana' halimpunguzii uanaume, kwamba pesa alizotumia ni zawadi au si zawadi, na kama ni zawadi hazidaiwi. Anahitaji pia kufunzwa kumkanya rafiki yake. Mvulana anayejigamba bwenini kwamba 'amemtia adabu' msichana husikilizwa na wenzake watano. Wote watano wakicheka, amepewa leseni. Mmoja akimwambia 'huo ni unyama, ndugu yangu', kicheko hukatika.

Kinga ya tatu ni kuzijua dalili. Rafiki au mwalimu anapaswa kuwa macho anapomwona kijana aliyekuwa mchangamfu akijitenga, akishtuka kila simu inapolia, akiomba ruhusa kwa mpenziwe kabla ya kwenda popote, akivaa sweta jua likiwaka, au akiwa na visingizio vingi vya michubuko. Anayemwendea asimwamuru 'mwache leo'. Wakati wa kuachana mara nyingi ndio wenye hatari kubwa, na anayeondoka anahitaji mpango: mtu atakayemsindikiza, mahali pa kulala, nakala za jumbe za vitisho alizozihifadhi. Maneno ya kwanza yawe mafupi: 'Ninakuamini. Kosa si lako. Tutafanya nini pamoja?'

Panapotokea ukatili wa kingono, wakati ni dawa. Aliyetendewa asioge kabla ya kumwona daktari, na nguo alizokuwa nazo zifungwe kwenye gazeti au mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Kituo cha kushughulikia waathiriwa katika Hospitali ya Nairobi Women's kimekuwa kikitoa huduma hizi tangu 2001, na hospitali nyingi za umma zina huduma kama hizo. Polisi hutoa fomu ya P3, ambayo daktari huijaza ili iwe ushahidi. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto na 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. Zote hupigwa bila malipo.

Kinga ya nne iko mikononi mwa vyama vya Kiswahili vyuoni. Wanachama wake wengi ni walimu wa kesho na baadhi yao huenda mashuleni kila mwaka kufanya mazoezi ya kufundisha. Somo la uakifishaji au la mnyambuliko wa vitenzi linaweza kufundishwa kwa sentensi za aina yoyote. Hakuna linalomzuia mwalimu kuuliza darasa ni nani aliyefichwa katika 'alipigwa'. Mchezo mfupi wa jukwaani unaweza kumwonyesha kijana jinsi ya kukataa na jinsi ya kukubali kukataliwa. Uhakiki wa riwaya teule nao usiishie kwenye kuorodhesha 'dhuluma' kama maudhui ya kujibia mtihani, huku msomaji wa safu ya nyuma akiishi maudhui hayohayo bila kuulizwa.

Hitimisho

Tarehe 27 Januari 2024, maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na katika miji mingine baada ya msururu wa mauaji ya wanawake. Maandamano hayo yalikuja wakati ukuta umekwisha kuanguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa jambo hili huonekana mapema, katika barua, katika ujumbe wa simu, katika utani wa bwenini na katika sentensi inayomficha mtenda. Makala haya yameonyesha kwamba lugha inayoisitiri dhuluma ndiyo hiyohiyo iwezayo kuifichua. Wivu uitwe wivu, deni lisilokuwepo likanushwe, na aliyepiga atajwe kuwa ndiye aliyepiga. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Heri kijana aseme leo kwa sauti ndogo na apate wa kumsikiliza.